Tembe na Mnara: Jiji la Pwani Likisomwa kutoka Singida

Msafiri anayeingia mjini Singida hupokewa na mawe kabla ya kupokewa na watu. Ni miamba ya matale, mingine mikubwa kuliko nyumba, iliyopandana kwa namna ambayo jicho halisadiki: jiwe la juu limelikalia la chini kwa sehemu ndogo mno, nalo halitikisiki. Kandokando ya mji yamelala maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Uwanda wote uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Iwapo kuna mahali katika Tanzania ambapo ardhi yenyewe humwita mjenzi apande juu, mahali hapo ni Singida, kwa kuwa msingi umekwisha kuwekwa na Muumba na fundi hana haja ya kuutafuta mbali. Pamoja na hayo, wenyeji wa nchi hiyo, Wanyaturu na majirani zao, waliishi vizazi kwa vizazi katika tembe, nyumba ambayo mtu mrefu hulifikia paa lake kwa mkono.

Takriban kilomita 700 kwa barabara kutoka hapo, mwisho wa mteremko wa kuelekea baharini, liko jiji la Dar es Salaam. Huko ardhi ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na matumbawe ya kale. Maji hayako mbali chini ya unyayo, na bamvua linapojaa bahari husimama jirani kabisa na barabara. Hapo ndipo ilipojengwa minara mirefu kuliko yote nchini. Penye mwamba watu walijenga chini. Penye mchanga watu wanajenga juu.

Kinaya hiki hakijapata mhakiki wa kukitosha. Wahandisi wamekizungumza kwa lugha yao ya mizigo na nondo, na wachumi kwa lugha yao ya viwanja na kodi ya pango. Washairi, ambao kazi yao ya asili ni kuyapima maneno pamoja na vitu vinavyobebwa na maneno hayo, mara nyingi wameridhika na kusifu. Katika tungo za magazetini na za majukwaani ghorofa limekuwa ushahidi usiohojiwa: mji una maghorofa, basi mji umeendelea, hauna, basi umelala. Sifa ya namna hiyo ni sawa na kulipima shairi kwa idadi ya beti zake. Hakuna mwalimu wa ushairi, hata aliye mvivu, ambaye angeikubali kwa mwanafunzi.

Ili kuupima mnara kwa haki inafaa kuanza na tembe, kwa kuwa ndiyo iliyodharauliwa zaidi na mizani hiyo. Kuta zake ni miti iliyosimikwa ardhini na kukandikwa udongo. Ndani husimama nguzo zenye panda. Juu ya panda hulazwa magogo, juu ya magogo fito na matawi, na juu ya yote hayo tabaka nene la udongo. Paa ni bapa, lenye mwinamo kidogo tu wa kuondoshea maji. Mlango ni mfupi, hata mgeni huingia kwa kuinama. Wakati wa jua kali udongo ule mnene huchelewesha joto lisiingie, na usiku wa baridi ya Juni na Julai hulirudisha joto lile lile ndani, polepole. Upepo wa Singida una nguvu kiasi cha kuwavuta wenye mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo, lakini juu ya tembe hupita bila kupata pa kushika. Mvua huja kwa msimu mmoja, baina ya Novemba na Aprili, tena si nyingi, kwa hiyo paa la udongo huishi pale, ambapo katika masika ya pwani lisingemaliza mwaka. Na paa hilo halikuachwa bure: huanikwa nafaka.

Msomaji wa mashairi atatambua kinachotendeka hapa. Hakuna neno la ziada. Kila kiungo kinajibu swali lililoulizwa na mahali penyewe, yaani jua, upepo, uhaba wa mvua, miti iliyopo na mifugo inayotaka zizi lililo karibu na mlango. Vizuizi ndivyo vilivyoifanya nyumba iwe na umbo, kama mizani zinavyomlazimisha mtunzi kulitafuta neno lililo sahihi badala ya lile lililomjia kwanza.

Hata hivyo haifai kuipamba tembe kupita kiasi. Ina giza. Moshi huwaumiza macho wapishi, ambao ni wanawake. Mvua ikizidi paa huvuja, na nyumba isipokandikwa upya hurudi kuwa udongo. Imekula miti mingi katika nchi isiyo na miti mingi. Waliozihama tembe wakaenda kwenye nyumba za tofali na bati walikuwa na sababu zao, na mtunzi wa mjini anayeililia tembe kwa maneno matamu yamkini hajawahi kulala ndani yake siku ya mvua kubwa. Jambo linalostahili kushikwa ni moja tu: aliyejenga tembe aliiuliza ardhi kwanza.

Lugha ya Kiswahili nayo, tangu zamani, haikuwa na imani kubwa na kimo. Aliye juu mngoje chini. Mpanda ngazi hushuka. Methali hizi hufasiriwa kuwa zinahusu vyeo na mali, na tafsiri hiyo ni ya haki. Ila picha iliyozizaa ni ya watu waliozijua ngazi, dari na minazi kwa miguu yao. Neno ghorofa limetoka katika Kiarabu, ambako ghurfa ni chumba, hususa kile cha juu. Kwa asili, basi, ghorofa lilikuwa mahali pa kukaa mtu. Leo limekuwa kipimo: mtu huuliza jengo lina ghorofa ngapi kama aulizavyo umri wa mtoto, wala haulizi nani anakaa humo.

Neno mnara lina safari ya kusikitisha zaidi. Asili yake ni mahali pa nuru. Mnara wa taa hujengwa kwa ajili ya aliye mbali, baharini, gizani. Mnara wa msikiti hupandwa ili sauti imfikie asiyeuona. Katika maana zote mbili urefu ni huduma kwa mtu asiyekuwemo ndani ya jengo. Mnara wa kioo wa siku hizi umeipindua maana hiyo. Unamtaka aliye mbali autazame, lakini hauna la kumwambia isipokuwa jina la mwenyewe lililoandikwa kileleni. Na jua likigeuka humrushia mng'ao machoni.

Wasomaji wa visiwani na wa mwambao hawahitaji kukumbushwa kwamba hukumu juu ya majumba ya fahari ilikwisha kuandikwa kitambo. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaitembelea Pate iliyokwisha kuanguka. Unaingia katika majumba yaliyowaka taa, unapita kwenye zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure, na unawakuta ndege na popo ndio wapangaji wapya. Kwa kawaida utungo huo husomwa kama mawaidha juu ya hadaa ya dunia. Ni usomaji sahihi, lakini unampunja mtunzi sifa moja: alikuwa pia mhakiki wa majengo mwenye jicho kali. Hakusimama barabarani akahesabu dari. Aliingia ndani, chumba kwa chumba, akauliza nani alikuwa hapa, alikuwa akifanya nini, na sasa yuko nani. Nyumba njema si mlango. Njia hiyo ya kuhakiki ndiyo iliyopotea pale washairi walipoanza kuyatazama maghorofa kwa nje tu.

Na historia ya Dar es Salaam ingewafaa sana kama wangetaka kuingia. Mji ulianza pale kilipokuwapo kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa ufundi ule ule wa visiwani; Boma la Kale, lililosalia karibu na bandari, bado linaonyesha unene wa kuta za wakati huo. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilivyoonekana juu ya paa nyingine, kwa nahodha aliyekuwa akiingia bandarini, ni vilele vya makanisa mawili, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Baada ya Uhuru ulikuja uzuri wa zege, nao ulikuwa wa kiasi. Kisha, katika miaka ya 2010, mji uliruka. Minara pacha ya mfuko wa pensheni wa PSPF, yenye ghorofa 35, na jengo la Mamlaka ya Bandari lililofuatia, yote yalivuka mita 150.

Kulisimamisha jengo refu juu ya mchanga si muujiza wala si kosa. Nguzo za zege hushushwa chini hadi kwenye tabaka gumu, maji ya ardhini huvutwa kwa pampu wakati wa kuchimba, na uzito husambazwa. Ufundi huo unajulikana. Adui wa kweli wa jengo la pwani ni mpole kuliko hapo, naye ni chumvi. Huja na hewa, hupenya zege kidogo kidogo hata ikazifikia nondo. Nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege hupasuka kutoka ndani kwenda nje. Mchanga wa ufukweni usiooshwa, ukichanganywa na saruji, humwingiza adui huyo tangu siku ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwa majengo haya methali imeacha kuwa sitiari. Jumba la ghorofa 35 linahitaji kuzibwa nyufa kwa miaka 50 na zaidi, na mahali palipozoea kushangilia uzinduzi hapana tungo za kumsifu mtu wa matengenezo.

Tena bahari yenyewe haisimami pale ilipokuwa. Kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa kina chake duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na mwendo unaongezeka. Wavuvi wa Pangani hawahitaji takwimu hizo, kwa sababu mbele yao kipo Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti na ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Jijini Dar es Salaam ukuta wa bahari katika barabara iliyokuwa ikiitwa Ocean Road ulilazimika kujengwa upya. Nyuma ya mji yako maji mengine, ya Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kiasi cha 40, na wengi walionusurika mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani, imezama mara kwa mara.

Aliyesimama juu kabisa ya mnara wa mjini huliona bonde hilo lote. Ofisi yake haitafurika. Lakini mvua iliyoangukia paa lake, na uwanja wake wa saruji wa kuegeshea magari, na lami ya mlangoni kwake, haikupata udongo wa kuinywa. Imeteremka kumtafuta mtu mwingine. Hali kadhalika upepo. Mwambao huu uliishi kwa kaskazi na kusi, na nyumba zake zilipangwa ili pepo hizo zipite. Ukuta wa majengo marefu mbele ya bahari huuzuia upepo usifike kwa walio nyuma, na badala yake viyoyozi humwaga mitaani joto lililotolewa ndani. Tembe iliiuliza ardhi na ikapokea jibu. Mnara huu umeliuliza swali lake, kisha ukampa jirani ajibu.

Hapa ndipo istilahi za ushairi zinapoweza kusaidia kuliko za uhandisi. Katika nyumba ya mawe ya Unguja, Lamu au Mombasa, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti hairefuki kwa kutaka kwa tajiri, hivyo chumba kilikuwa chembamba hata katika jumba la mwenye mali, na fahari yake ikatafutwa kwenye zidaka, kwenye mlango wa nakshi, kwenye kiwanja cha ndani. Hiyo ndiyo mizani: kipimo kitokacho katika maada yenyewe, ambacho tajiri na maskini wote hukiheshimu. Vina navyo vilikuwapo, kwa maana ya mambo yanayorudi na kuunganisha mtaa, kama baraza mbele ya kila nyumba, ambapo ndani na nje hukutana. Mnara wa kioo hauna kimojawapo. Dirisha lake hurudiwa mamia ya mara, lakini takriri si kina. Kina huunganisha ubeti na ubeti, ilhali dirisha hilo haliunganishi kitu, kwa kuwa lingeweza kuwa Dubai au Shanghai bila kubadilishwa hata komeo. Wahenga wa fani hii waliliita shairi lililokosa urari wa vina na mizani kuwa ni guni. Neno hilo linafaa hapa, ingawa halijazoea kusemwa mbele ya wenye majengo.

Yupo atakayejibu kwamba mnara ni shairi huru, na kwamba mabishano ya miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalikwisha kuonyesha kuwa mtunzi ana haki ya kuviacha vina. Jibu hilo lina uzito, na asiyelipima atakuwa anahakiki kwa chuki. Lakini wale waliotunga mashairi huru yaliyosimama hawakuikimbia kazi. Walivunja kipimo kimoja ili wajifunge kwa kingine, kilichokuwa kigumu zaidi, cha pumzi na mazungumzo ya watu. Mnara wa kioo haukuvunja chochote. Umekopa kielelezo kilichobuniwa katika miji yenye theluji, ambako kioo hukaribisha jua kwa kuwa jua ni adimu, ukakileta mahali ambapo jua hutafutiwa kivuli tangu saa mbili asubuhi.

Hoja ya pili ya watetezi ni nzito kuliko ya kwanza. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Watu hao wakijengewa nyumba za chini peke yake, mji utaendelea kutambaa, utamaliza mashamba, na maskini wataendelea kusukumwa mabondeni. Ni kweli. Mji wa namna hiyo lazima upande. Visiwani wanalijua hilo tangu maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki: watu waliyacheka kwa urefu wao kama gari moshi, kisha wakaishi humo, wakazaa, wakazeeka. Kasoro za Michenzani ni nyingi, lakini ndani mna watu. Swali kwa minara ya Dar es Salaam, basi, ni lile lile la Inkishafi: nani yumo? Iliyo mingi ni ofisi. Jioni mji wa minara hubaki na walinzi, na waliokuwamo wako kwenye foleni wakirudi Mbagala na Kimara.

Ipo njia nyingine ya kuliuliza swali hilo, nayo inarudisha Singida kwenye maelezo. Nani amejenga? Wageni waliotia saini michoro wanajulikana, na mafundi waliofunga nondo hawajulikani. Lakini fedha ina asili yake. PSPF ulikuwa mfuko wa watumishi wa umma, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine kuwa PSSSF. Mwalimu wa shule ya msingi huko Mkalama au Ikungi, anayefundisha kusoma na kuandika ndani ya darasa lililojengwa kwa nguvu za wanakijiji, alikatwa mshahara wake mwezi baada ya mwezi, na sehemu ya makato ya watu kama yeye ikageuka zege katika Dar es Salaam. Huenda hajawahi kuliona jengo hilo isipokuwa kwenye kalenda. Hata hivyo msingi wake wa kweli si zile nguzo zilizoshushwa mchangani, ni yeye. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, mpangaji mkubwa kuliko wote wa ofisi za Dar es Salaam alianza kufungasha vitu vyake. Kwa mwalimu huyo habari hiyo haikuwa ya siasa peke yake. Uzee wake ulikuwa umewekezwa katika kodi ya pango ya jumba lililo ufukweni, mahali ambapo chumvi, bahari na soko la ofisi vyote vina la kusema.

Hakuna tungo inayofahamika sana iliyomweka mwalimu huyo ndani ya mnara. Hilo ndilo pengo. Waliousifu mnara walimsifu mwenye jina la kileleni. Waliousuta walisuta ukoloni mamboleo kwa jumla jumla. Katikati wamepotea watu wote ambao Sayyid Abdalla angewatafuta.

Hao watu huonekana siku ya msiba tu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, na waliokufa walikuwa zaidi ya 20, wengi wao waliokuwa katika biashara zao za Jumamosi. Majengo hayo mawili hayakuwa minara ya kioo, wala haifai kuyachanganya na ile. Lakini yalizaliwa na hamu ile ile, ya kutaka ardhi ya bei kubwa ilipe zaidi ya inavyobeba. Wazanzibari nao wana siku yao. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 likawa refu kuliko yote kisiwani, lenye lifti na taa za umeme zilizowashangaza watu wa wakati wake, lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, mnara wake na sehemu ya mbele vilianguka na kuua watu wawili. Mizinga haikuliweza. Lililoliweza ni maji, chumvi na miaka ya kuahirisha.

Si kwamba Dar es Salaam haijawahi kuandika beti zilizo sawa. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, lilisimamishwa kwa zege kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ikusanywe badala ya kufukuzwa, na hewa moto ipate pa kutokea juu ya vichwa vya wauzaji. Lilikuwa jengo jipya, lisiloiga tembe wala nyumba ya mawe, lakini lilikuwa limeiuliza mvua ya masika na jua la Januari, likajibiwa. Liliungua Julai 2021, na huzuni iliyoonekana jijini ilikuwa ya namna ambayo mnara wa ofisi hauwezi kuipata. Watu walikuwa wamepoteza mahali.

Uwanda wa kati nao sasa unabadilika upesi. Dodoma inapanda juu mwaka hadi mwaka. Reli mpya, iliyoanza kuwabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, njia yake inapita Manyoni kuelekea Tabora, na kila kitakachosifiwa pwani kitafika Singida kwa saa chache. Kioo kitafika. Yamkini mtu atalitazama jiwe lililopandana juu ya jiwe jingine karibu na Singidani, aone kiwanja kilichokosa jengo.

Mwalimu wa Ikungi, akistaafu, atapokea kiinua mgongo chake, kama kodi za pango zitakuwa zimelipwa vizuri. Ataikataa tembe ya baba yake, na ana haki. Atanunua saruji na bati, atamwita fundi, watapima kwa kamba vyumba vitatu na ukumbi na kibaraza cha kukaa jioni. Fundi ataanza kuchimba msingi. Dhiraa moja chini, pengine pungufu ya hapo, sururu itagonga mwamba na kutoa cheche; atafuta jasho, ataweka chombo chini, na kumwambia mwenye nyumba kwamba hapo panatosha.